Bidada wa mjini, ulimcheka binti wa Namanyere kwa jibini lake. Na ile sahani yako ya elfu 28 ilitoka wapi?

Kuna bidada mmoja wa Dar, staa, wafuasi wamevuka milioni, ambaye jina lake halitaandikwa hapa kwa sababu kiki ya bure haigawiwi. Wanaomjua wameshamjua. Wiki mbili zilizopita alichukua klipu ya binti mmoja wa Namanyere, huko Nkasi mkoani Rukwa, akaibandika kwenye ukurasa wake na kuandika: "Jibini la Sumbawanga jamani, ukila unaamkia juu ya ungo." Akaweka na emoji saba za kucheka mpaka machozi.

Watu wakacheka. Laiki zikamiminika. Ndani ya siku mbili posti ilikuwa imeshazunguka mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Sumbawanga, Mpanda na Namanyere penyewe, na huko ndiko utani ulipogeuka hasara. Kamati ya harusi iliyokuwa imeagiza sahani 40 za ile saladi ya nyanya na jibini ilisema kwanza "tunaangalia bajeti", kesho yake ikafuta oda. Binti naye akafuta klipu zake zote, zile ambazo alikuwa ameanza kuzirekodi kwa simu iliyopasuka kioo tangu mwaka jana.

Jina la binti nalo halitaandikwa. Ametajwa vya kutosha, na kwa ubaya.

Sasa wadau, twende taratibu. Wengi waliocheka hawakuiona klipu yote. Ilikuwa ya dakika nne. Bidada aliikata akabakiza sekunde kumi na moja tu, zile ambazo kitambaa cheupe kinaning'inia msumarini kikidondosha maji kwenye beseni. Ukiona hizo peke yake unaweza kufikiria chochote kile. Haya ndiyo yaliyokuwemo kwenye dakika zilizokatwa.

Binti ana lita 3 za maziwa ya ng'ombe, yamekamuliwa asubuhi hiyo hiyo kwa jirani. Anayachuja, anayabandika kwenye sufuria pana, jiko la mkaa, anakoroga yasishike chini. Yanapanda, anapunguza moto, anayaacha yachemke kidogo. Anaepua. Povu likitulia anatia maji ya limao, kijiko kimoja kimoja, huku akikoroga polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Hapo ndipo maziwa yanapokatika: mabonge meupe yanapanda juu, chini yanabaki maji ya rangi ya njano-kijani. Maji yakishakuwa angavu anaacha limao hapo hapo, maana ukizidisha jibini linakuwa chachu na linakakamaa.

Anamimina vyote kwenye kitambaa cha pamba ambacho mwanzoni kabisa alionekana akikichemsha (na sehemu hiyo nayo ilikatwa, sijui kwa bahati mbaya, eeh?). Anafunga fundo, anakining'iniza. Nusu saa tu, kwa sababu analitaka laini la kuchota na kijiko. Ukiliacha zaidi na kuliwekea jiwe juu linakuwa gumu la kukatika miraba, lile ambalo Wahindi wanaliita paneer na wanalitia kwenye mchuzi wa spinachi. Lita 3 zinatoa kama nusu kilo. Chumvi kidogo, basi. Yale maji yanayobaki hamwagi. Anakandia unga wa chapati.

Kwenye nyanya ndiko alikoonyesha akili. Nyanya zimeiva lakini bado zimekaza. Anazikata duara, si vipande vidogo vya kachumbari, anazinyunyizia chumvi na kuzilaza kwenye sahani iliyoinamishwa kwa dakika kumi ili maji yatoke. Maji hayo anayachanganya na mafuta ya alizeti na limao, ndio mchuzi wake wa kumwagia juu. Kitunguu anakikata chembamba kama karatasi, anakifikicha na chumvi, anakisuuza mpaka ukali unaisha. Kusema ukweli alijaza kitunguu, nusu yake ingetosha. Jibini linaingia mwisho kabisa, mabonge mabonge juu ya nyanya, ili lisilowe likawa uji. Pilipili manga, giligilani iliyokatwakatwa, mezani.

Hicho ndicho kilichochekwa. Mtu kachemsha maziwa, kakamua limao, kakata nyanya.

Na aliweka wazi hesabu yake, jambo ambalo mastaa wa mapishi hawalifanyi hata siku moja. Maziwa lita 3 kwa 1,200 kila lita ni 3,600. Nyanya 2,000. Vitunguu 500, malimao 500, mafuta 400, mkaa 1,000. Jumla 8,000. Inatoka sahani 6, anauza 2,500 kila moja, inakuwa 15,000. Anabaki na 7,000. Kwa Namanyere, kwa kazi ya asubuhi moja, kwa binti aliyemaliza kidato cha nne na hana ajira, hiyo si hela ya kuchezea. Sahani 40 za harusi zilikuwa laki moja kamili.

Kwa ajili ya hizo 40 alikuwa ameshaongea na majirani wawili wamtunzie lita 20 za maziwa, na nusu ya pesa ameshalipa. Oda ilipofutwa, ng'ombe hakujua kwamba oda imefutwa. Maziwa yalikuja. Kwa mujibu wa rafiki yake wa karibu, aliyagandisha mtindi na kuuza kwa bei ya kutupa.

Tumwache binti kidogo, twende kwenye ukurasa wa bidada mwenyewe. Shuka chini, upite tangazo la dawa ya kung'arisha uso na lile la kubeti, utakuta picha aliyopiga kwenye hoteli moja ya pembeni mwa bahari huko Masaki. Sahani kubwa nyeupe. Vipande vinne vya nyanya, vipande vinne vya jibini, majani matatu, na mchirizi wa kitu cheusi umezungushwa pembeni. Chini kaandika: "Najipenda, najilisha vizuri." Na risiti kaipiga picha, kwa mbwembwe zile zile zinazojulikana: shilingi elfu 28.

Nyanya na jibini laini. Kile kile!

Chakula hicho kina jina. Waitaliano wanakiita caprese, kutokana na kisiwa cha Capri kilichopo karibu na jiji la Naples, na rangi zake tatu, nyekundu, nyeupe na kijani, ndizo za bendera yao. Jibini lake ni mozzarella, ambalo lile la asili kabisa linatokana na maziwa ya nyati wa maji wanaofugwa mkoa wa Campania. Majani yale matatu ni ya familia moja na rehani inayopandwa Zanzibar kwa harufu yake, na ndugu yake wa porini ni kivumbasi, lile jani ambalo bibi zenu walikuwa wanafukizia mbu. Bidada alilipa pesa ndefu akatafuna jamaa wa kivumbasi akajiona yuko Ulaya. Haya.

Kingine ambacho pengine hakukijua: mozzarella inatengenezwa Tanzania hii hii. Njombe kuna kiwanda cha maziwa kilichoanzishwa kwa kushirikiana na shirika la Kiitaliano la CEFA, wafugaji wa pale wanapeleka maziwa yao na yanatoka majibini ya Kitaliano yanayofika mpaka Dar. Njombe ni wapi? Nyanda za Juu Kusini, kule kule kwenye baridi na masweta, kule ambako watu wa mjini wakisikia mtu anatoka wanauliza kama kuna umeme. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba lile jibini la Masaki lilikamuliwa na mama wa Njombe mwenye kilemba na gambuti. Lilipopanda basi likashuka Dar likawekwa kwenye sahani kubwa, likawa la kishua. La Namanyere halikupanda basi, likawa la ungo.

Na nyanya je? Nyanya nyingi zinazoliwa Dar zinatoka mbali, Ilula huko Iringa, Lushoto, Morogoro. Ili zifike bila kupondeka zinachumwa kabla hazijaiva sawasawa, zinapangwa kwenye matenga, zinaivia njiani au sokoni. Zikifika hotelini zinatupwa kwenye friji, na nyanya ikikaa kwenye baridi kali inapoteza ile harufu yake, inabaki maji mekundu. Mtu wa Namanyere anachuma saa mbili, anakula saa sita. Kwenye saladi ambayo haipikwi, haina nyama, haina kiungo kikali cha kuficha kitu, uzima wa nyanya na maziwa ndio chakula chenyewe. Hakuna kingine cha kutegemea. Ukipanga hizo sahani mbili bila kuambiwa ipi ni ipi, ile ya elfu 28 ina kesi ya kujibu.

Halafu kuna dongo lenyewe la ungo. Hili limezoeleka mpaka watu hawaoni tena kama ni dongo. Ukitaja Rukwa, mtu wa mjini anacheka kabla hujamaliza. Mtu akihamishiwa kazi kule anapewa pole kama amefiwa. Kwanza, Namanyere si Sumbawanga. Ni makao makuu ya wilaya ya Nkasi, kaskazini, njia ya kwenda Mpanda, na ukishuka magharibi unafika Kirando na Kipili kwenye Ziwa Tanganyika, kunakotoka migebuka na dagaa ambao bidada huyo huyo aliwahi kuwasifia kwenye stori zake. Pili, jina lenyewe la Sumbawanga, jinsi linavyoelezwa na wenyeji siku zote, ni amri: tupa uchawi. Yaani mji umeandika mlangoni kabisa "acha mambo yako hapo nje ndipo uingie", halafu mtu aliyeko zaidi ya kilomita 1,100 anausoma kinyume na kuufanya kichekesho miaka nenda miaka rudi.

Kichekesho kingekuwa kichekesho kama kisingekuwa na bei. Mtu anayeuza nguo akitaniwa kuhusu ungo, nguo inavaliwa tu. Anayeuza chakula akiunganishwa na uchawi, chakula hakiliwi. Kamati ya harusi haitakwambia "tunaogopa". Itakwambia bajeti.

Baada ya bidada wakajitokeza na wengine. Maana staa akirusha jiwe, wapo wanaookota na kurusha tena ili waonekane wako timu moja.

Wa kwanza ni chefu wa mitandaoni, yule wa aproni nyeusi na kisu cha milioni. Yeye hoja yake ilikuwa ya kitaalamu: hiyo si mozzarella, hiyo si caprese, watu waache kupotosha. Tumpe haki yake, kwenye jina yuko sahihi. Binti aliandika "saladi ya Kitaliano" na hapo alipotoka nje ya njia. Mozzarella inagandishwa kwa renneti, kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama, kisha linakandwa na kuvutwa ndani ya maji ya moto mpaka linakuwa nyororo kama mpira. Jibini la limao halivutiki, na ukiliweka juu ya pitsa haliyeyuki hata ulibembeleze. Ni vitu viwili tofauti.

Sasa chefu, pitsa iko wapi hapo? Kwenye saladi ya baridi nani anataka jibini liyeyuke? Ulichotakiwa kusema ni "dada, badilisha jina, chakula ni kizuri". Sentensi moja. Ingemsaidia. Badala yake ukatoa povu dakika tatu, ukamalizia kwa kuuza kozi yako ya laki moja na nusu.

Wa pili ni kaka mmoja anayejiita mtetezi wa vyakula vya asili, mwenye ndevu na shanga. Huyu alikuja na ya kwake: Wafipa wana ugali wa ulezi, wana samaki wa ziwani, wana kachumbari, jibini ni kuiga wazungu. Ukiisoma haraka inaonekana ni ya kizalendo. Soma tena. Nyanya asili yake ni Amerika, hata hao Waitaliano walikuwa hawaijui kabla ya mwaka 1492. Kachumbari, neno lenyewe na mkato wenyewe, vimetoka India vikaingia kwa njia ya pwani. Mahindi nayo ni ya Amerika. Kama sheria ni kula cha asili tu, kaka itabidi aanze kutoa vitu vingi kwenye sahani yake, na chipsi mayai ziwe za kwanza.

Na nani kasema jibini laini ni la wazungu? Ethiopia hapo juu kuna ayib, linatengenezwa kwa kupasha moto maziwa yaliyochacha baada ya kutolewa siagi, na wanalila na nyama na mboga za majani, mama zao na bibi zao, bila kumwomba mzungu ruhusa. Mashariki mwa Kongo, milima ya Masisi, kuna jibini la duara linalouzwa Goma na kusafirishwa hadi Kinshasa. Hilo kweli inasemwa mapadri wa Kibelgiji ndio waliolianzisha, lakini leo nenda kamwambie mfugaji wa Masisi kwamba lile si lake uone. Chakula ni cha anayekijua kukitengeneza na kukila. Binti wa Namanyere ana maziwa, ana limao, ana nyanya. Kamwiga nani?

Wengine walishika neno tu. Binti anatamka "chizi" kama watu wengi wanavyotamka, basi ikawa wimbo, "chizi kala chizi". Darasa la pili hilo, tuliache.

Waliokuwa na hoja ya maana ni wale waliouliza usalama. Hao wasichanganywe na wacheka ungo. Maziwa mabichi yana hatari kweli: yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela, yanaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe, na jibini la maziwa yasiyochemshwa linabeba hatari hiyo hiyo mpaka mezani. Pia jibini laini halikai. Kwenye friji ni siku mbili au tatu, bila friji liliwe siku hiyo hiyo. Lakini ndiyo maana dakika zilizokatwa ni muhimu! Aliyachemsha. Alichemsha kitambaa. Alisema kwa mdomo wake "linaliwa leo, la kesho tunatengeneza kesho". Mwenye kuuliza usalama alijibiwa ndani ya klipu, kisha jibu likakatwa na mtu aliyetaka laiki.

Na kama bidada alikuwa na uchungu sana na afya za watu wa Nkasi, njia zilikuwepo. SIDO wana ofisi Sumbawanga na kazi yao mojawapo ni kufundisha wasindikaji wadogo. Masuala ya usalama wa chakula tangu mwaka 2019 yako TBS. Staa mwenye wafuasi milioni angeandika tu "mdogo wangu, nenda SIDO wakupe mafunzo upate na nembo", binti angeamka kesho yake ana oda za mikoa mitatu. Maneno ni machache kuliko yale ya ungo. Bando ni ile ile.

Jambo ambalo watu wa mjini hawalifikirii ni kwamba vitu hivi viwili, maziwa na nyanya, ni vitu vya kuoza. Ufipa mvua inanyesha kuanzia Novemba mpaka Aprili. Nyasi zikijaa, maziwa yanaongezeka kwa wakati mmoja kwa kila mwenye ng'ombe, wanunuzi ni wale wale, bei inashuka. Nyanya nazo zikiiva zinaiva kwa wote. Leo sado ina bei, wiki ijayo unabembeleza mtu achukue. Mkulima wa mahindi anaweza kuweka gunia ndani akasubiri. Mwenye nyanya hasubiri, mwenye maziwa hasubiri hata mpaka jioni. Kwa hiyo mtu anayekuja na wazo la kuviunganisha hivyo viwili na kuvigeuza sahani ya 2,500 amegusa tatizo ambalo semina za hotelini zimekuwa zikilijadili kwa miaka, na chai ya saa nne juu.

Kila Wiki ya Maziwa inapofika mwezi wa sita tunaambiwa mtu anatakiwa kupata lita 200 za maziwa kwa mwaka, na Mtanzania hafikishi hata nusu yake. Mabango yanachapwa, fulana zinagawiwa, watoto wa shule wanapewa pakiti siku hiyo moja. Bidada aliwahi kulipwa kupiga picha na pakiti ya maziwa, masharubu meupe yamechorwa mdomoni, "Kunywa maziwa, jenga Taifa". Binti wa Namanyere alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo bila kulipwa na mtu, na ndiye aliyekejeliwa.

Sasa nyinyi wa Nkasi na Sumbawanga mliosambaza. Mjini wanacheka kwa sababu hawajui. Nyinyi mnajua. Mnamjua binti, mnaijua nyumba yao, wengine mlishakula ile saladi mkasifia, na siku ya kwanza mliilipia sahani ya pili. Halafu posti ya staa ilipoingia kwenye grupu mkaweka kicheko mkatuma grupu lingine, ili ionekane na nyinyi mko karibu na mjini. Mtu wa Dar akitania ungo anawatania nyinyi wote, hakutenganisha nani ana ndugu Tabata na nani hana. Mlicheka mkiwa ndani ya ungo huo huo.

Na kamati ya harusi, iliyojaa watu wazima, akina baba na akina mama wenye heshima zao, iliyumbishwa na sentensi moja ya mtu ambaye hajawahi kufika hata Tunduma. Harusi ilifanyika Jumamosi. Badala ya saladi waliweka soda ya ziada na kachumbari ya kabichi iliyonyauka. Waliohudhuria wanasema wenyewe.

Bidada anapenda sana kujitangaza kwamba anasapoti wanawake wapambanaji. Kila tarehe 8 Machi anavaa zambarau, anakunja ngumi, anaandika aya ndefu. Kuna hesabu ndogo tu ambayo anaweza kuifanya kabla ya Machi nyingine. Sahani 40 kwa buku mbili na nusu ni laki moja. Sahani nne za ile hoteli ya Masaki ni laki moja na elfu kumi na mbili. Yaani oda iliyomuumiza binti, na maziwa lita 20, na nyanya, na mkaa, na asubuhi mbili za kazi, vyote ni chini ya chakula cha mchana cha bidada na mashosti zake watatu.

Hajaombwa alipe. Angefuta tu, na aweke zile dakika nne zote, na kitambaa kikichemka, na binti akisema linaliwa leo. Wafuasi wake milioni wana macho, wataangalia wenyewe.

Mpaka jana usiku ile posti ilikuwa bado iko juu, na emoji zake saba, na juu yake tangazo jipya la kubeti.